Nilisinzia kwenye sijda

Assalaam alaykum Shangazi. Shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, naishi Fuoni, Unguja, na nina watoto watatu. Nasomesha hesabu katika skuli ya serikali, zamu ya asubuhi. Saa hizi ninazokuandikia ni saa sita na robo usiku. Nyumba nzima imelala, na unga wa vitumbua unaumuka ndani ya ndoo.

Siku yangu iko hivi. Saa tisa na nusu za usiku niko jikoni. Nachoma vitumbua 120 kila siku isipokuwa Jumapili, na saa kumi na mbili mwenye duka anakuja kuvichukua. Vinauzwa shilingi 200 kimoja, yeye anakata 20 zake kwa kila kitumbua. Mchele, nazi, sukari, hamira, mafuta na makaa hunimalizia kama 16,500. Vikishachukuliwa, nawavisha watoto, napanda gari, naingia skuli. Narudi baada ya adhuhuri, napika. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi nina tuisheni sebuleni kwangu, watoto 12 wa kidato cha pili, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, kila mmoja analipa 15,000 kwa mwezi. Baada ya magharibi ni kazi za skuli za wanangu, kupiga pasi, chakula cha usiku. Saa tatu nasaga mchele kwa ajili ya kesho, nakwenda nao kama saa nzima. Saa nne ndiyo nashika simu, na kuiweka chini ni saa sita, maana nimo kwenye makundi tisa: walimu, wazazi, ukoo wa baba, ukoo wa mama, maulidi ya mtaani, kikoba ambacho mimi ndiye mshika fedha, kamati ya sare ya harusi ya binamu yangu, na mengine mawili ambayo sikumbuki nani aliniingiza.

Mume wangu ni mpishi wa hoteli upande wa Kiwengwa. Analala hukohuko kazini, huja Alhamisi usiku na kuondoka Jumamosi alfajiri. Wifi yangu tunaye hapa nyumbani, alimaliza kidato cha nne mwaka juzi na bado hajapata shughuli. Mama yangu yuko Makunduchi, na kwa umri wake bado anashuka pwani kutafuta pweza. Tangu Idd kubwa sijamtia machoni. Pesa nampelekea kwa simu. Juzi alinipigia akasema, "Pesa nimezipata. Na wewe nikupate lini?"

Shangazi, yamenitokea mambo mawili ndani ya wiki moja.

La kwanza, mwanangu wa pili, msichana wa miaka tisa, amehitimu Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qurani, chuoni kwao. Wamesomeshwa mbele ya wazazi, wamegaiwa haluwa, wamepigwa picha. Mimi nimejua kwa kumwona kwenye status ya mzazi mwenzangu. Nilipomuuliza mbona hukuniambia, akanijibu taratibu tu, bila ya hasira: "Nilikwambia mara mbili, mama. Ukasema mm."

La pili, Alhamisi nilisinzia kwenye sijda. Sala ya isha, rakaa ya mwisho sijui ya tatu, mpaka leo sijui. Nilizinduka mwanangu mdogo kanipanda mgongoni anadhani nacheza naye. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akasimama mlangoni akasema, "Wewe upo nyumbani lakini hupo." Niliumia, kwa sababu anayelala Kiwengwa ni yeye. Na hata Ijumaa yake ya mapumziko, akitoka kusali anakaa barazani kwenye karata mpaka magharibi.

Nimejaribu ratiba. Niliiandika kwa kalamu za rangi nne, nikaibandika kwenye friji. Siku ya kwanza niliifuata. Siku ya pili umeme ulikatika wakati wa kusaga. Siku ya tatu jirani yetu alifiwa. Siku ya nne nikaibandua mwenyewe.

Kila ninachoshika naona hakiachiki. Mshahara unakatwa mkopo wa nyumba, vitumbua ndiyo pesa ya mkononi, kikoba wamenipa kwa kuniamini, na shughuli za watu usipokwenda na kwako hawaji. Mwalimu mwenzangu ananiambia niamke mapema zaidi ndiyo nitamaliza kazi zangu. Mapema kuliko saa tisa na nusu, Shangazi?

Nipangie ratiba wewe, au niambie niache nini.

Mama Watatu, Fuoni

*

Wa alaykum salaam mwanangu. Marahaba.

Ratiba sitakupangia. Umeshaandika moja ya rangi nne na ilikufa kwa umeme na msiba, na umeme utakatika tena, na watu wataendelea kufa. Tuanze na hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa hesabu na hii moja naona umeikimbia.

Vitumbua 120 kwa 200 ni 24,000. Toa 2,400 za mwenye duka, toa 16,500 za vifaa, unabaki na 5,100. Kuipata hiyo unatumia saa mbili na nusu za alfajiri na saa moja ya kusaga, jumla saa tatu na nusu. Kwa saa moja haifiki 1,500. Tuisheni yako inakuingizia 180,000 kwa mwezi kwa saa kama 24 za kukaa na watoto, yaani 7,500 kwa saa. Saa moja sebuleni kwako inazidi saa tano za jikoni, na ile ya sebuleni unaifanya jua bado lipo.

Sasa tizama na hii nyengine. Unalala saa sita, unaamka saa tisa na nusu. Saa tatu na nusu za usingizi, sawasawa na saa unazovipa vitumbua. Wanaoshughulika na elimu ya usingizi wanapendekeza mtu mzima alale saa 7 au zaidi. Wewe unalala nusu yake, siku sita za wiki, halafu unajishangaa kusinzia kwenye sijda. Mwanangu, sijda ndiyo mahali pekee kutwa nzima ulipoweka kichwa chini bila ya mtu kukuita. Ungesinzia wapi kwengine?

Sikwambii uache vitumbua. Najua pesa ya mkononi ni nini. Ile 5,100 ndiyo mboga ya mchana, ndiyo nauli, na ni yako, haina mkono wa benki ndani yake. Lakini una wifi nyumbani mwenye nguvu zake na hana shughuli. Mfundishe chuma cha vitumbua, mwache akosee siku mbili tatu vikiungua upande mmoja, kisha pato mgawane nusu kwa nusu. Usimfanye mtumishi, mfanye mshirika. Apate 2,550 yake mkononi kila asubuhi na utaona kama kuna mtu wa kumwamsha. Wewe utapungukiwa kama 66,000 kwa mwezi. Ongeza watoto watano kwenye tuisheni ileile, saa zilezile, wanakuingizia 75,000. Sebule itabana, watakaa mkekani. Saa zako za kazi hazikuongezeka hata dakika, na usiku wako umerudi.

Na vitumbua vyako virudie wewe mwenyewe kwa nguvu zote mwezi wa Ramadhani. Kila nyumba inavitaka kwenye futari, na vinachomwa baada ya adhuhuri, si usiku wa manane. Huo ndio msimu wake.

Neno msimu ndilo nililotaka tufike.

Mimi ni mtoto wa Paje. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, mama yangu alikuwa katika wale wanawake waliochukua kamba na vijiti wakati watu wengine bado wanacheka. Nimekua nikiutizama mwezi kwa sababu yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali kabisa, na kwenye saa nne, saa tano za asubuhi shamba lote liko wazi. Siku hizo mama hakuwa wetu. Alikuwa wa pwani. Chakula kilikuwa mkate wa boflo na chai, nyumba haikufagiwa, nywele zetu zilikuwa kama viota, na hakuna jirani aliyemsema kwa sababu majirani wote walikuwa majini pamoja naye, maji ya magoti, wanafunga mbegu.

Kisha yanakuja maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, shamba limezama, huna la kulifanya hata ukitaka. Hapo mama anarudi. Anafua, anatusuka, anakwenda Jambiani kumtizama mgonjwa, anakaa ukumbini na ukili wake anatusikiliza tunavyogombana. Ukimletea habari ya wiki iliyopita anakuuliza kwa utulivu ilikuwaje, kana kwamba imetokea leo. Sikumsikia hata siku moja akitaka siku zake zote zilingane. Wala hakuwa na ratiba ya saa, na angeipata wapi? Maji yenyewe kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Ratiba yako ya friji ilidhani kila Jumatatu ni sawa na Jumatatu nyengine. Si kweli hata kidogo. Na tatizo lako si kwamba una kazi nyingi. Mama yangu alikuwa na kazi nyingi kukushinda. Tatizo lako unaishi bamvua mwezi mzima, mwaka mzima. Maji mafu yakija huyaoni, kwa kuwa umeshayajaza kamati.

Kwa hiyo chukua daftari, si kalamu za rangi, na andika miezi badala ya saa. Bamvua zako unazijua: wiki za karibu na mitihani ya kidato cha pili, Ramadhani, na hizo wiki mbili za harusi ya binamu. Kwenye wiki hizo kubaliana na nyumba yako mapema ni nini kitalala: kupiga pasi kila siku, kupika mara mbili, kwenda maulidi. Watoto wakijua kwamba wiki hii ni ya boflo, na kwamba ina mwisho wake, hawanung'uniki. Wanachoshindwa kukistahamili ni wiki isiyokwisha. Na maji mafu yako nayo yaandike: likizo za skuli, na masika, Aprili na Mei, pale wageni wanapopungua, hoteli nyengine zikafunga kabisa na nyengine zikapunguza watu. Mume wako nadhani miezi hiyo unamwona nyumbani zaidi. Umewahi kumpangia nini? Au anakuja akakuta umechukua kamati nyengine?

Kwenye simu sitakaa sana. Saa nne mpaka saa sita kila usiku ni saa 14 kwa wiki, zaidi ya mara mbili ya tuisheni yako yote. Makundi mawili usiyokumbuka nani alikuingiza, toka leo. Hakuna atakayejua. Kikoba kijibu mara moja kwa siku baada ya isha. Yaliyobaki yanyamazishe, kundi la sare haliungui moto usiku.

Lakini shughuli za watu, hapo nakaa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotoa ushauri mwepesi. Watakwambia jifunze kukataa. Kukataa nani, mwanangu? Hapa kwetu tunazikana. Siku yako ikifika, wewe au wako, hao wa sare na wa maulidi ndio watakaokuja kukosha na kufukiza udi na kupika uji. Mtu hawezi kuyavunja hayo kwa kuwa amesoma mahali kwamba muda ni mali. Kwa hiyo yapange kwa uzito wake. Msiba, nenda, siku yoyote, ratiba au si ratiba. Mgonjwa, nenda. Harusi ina siku ngapi? Chagua moja, uende umevaa, umetulia, umetunza, ucheke na watu. Usiende zote nne huku unaangalia saa. Kamati, toka.

Maana kwenda kwenye shughuli na kuwa kwenye kamati yake ni mambo mawili. La kwanza ni haki ya jirani, la pili ni kazi isiyo mshahara, na wanakupa wewe kwa sababu hukatai na unajua kujumlisha. Kwenye kamati ya sare waambie hivi hivi: "Nimezidiwa nyumbani, naomba mwengine anipokee, mchango wangu nautoa wote." Usitoe sababu tatu, sababu tatu zinafungua mlango wa kubishana. Kikoba subiri mpaka mzunguko uishe mgawane fedha, umkabidhi mwenzio daftari likiwa safi, ubaki mwanachama. Hiyo si kuvunja imani yao, ni kuirudisha nzima.

Umetaja maulidi, na nahisi hapo ndipo unapojitetea kwamba ni mambo ya dini. Basi nikukumbushe kisa unachokijua. Salman alimtembelea Abu Dardaa, wote wawili masahaba wa Mtume, akamkuta mkewe hajijali tena, mume kutwa yuko kwenye funga na usiku yuko kwenye sala. Salman akamfungulisha, akamlaza, alipotaka kuamka akamwambia lala, mpaka mwisho wa usiku ndipo wakasali wote. Akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Hapo palizuiwa sala za sunna, mwanangu, si kikao cha sare.

Tuje kwa baba watoto. Nilipofika kwenye barua yako pale ulipoandika kazi yake, nilicheka peke yangu. Mpishi wa hoteli yumo ndani ya nyumba, na anayechoma vitumbua usiku wa manane ni mwalimu wa hesabu! Najua, najua. Mtu aliyesimama mbele ya majiko ya watu siku sita hataki kuliona jiko siku ya saba. Ni haki yake. Lakini neno alilokwambia mlangoni limekaa moyoni mwako kwa sababu ni kweli, na jibu lako ulilolimeza nalo ni kweli. Nyinyi wawili hamuonani. Yeye akija wewe uko kwenye simu, wewe ukiiweka yeye yuko kwenye karata.

Usimwambie usiku anaoingia, mtu akitoka safari hana masikio. Mwambie Ijumaa asubuhi baada ya chai, daftari likiwa wazi mbele yenu, na anza na hesabu ya vitumbua, si na karata zake. Wanaume wengi hesabu wanaisikiliza kuliko malalamiko. Kisha muombe vitu viwili tu, vyenye jina: Ijumaa apike yeye chakula cha usiku, wewe usiingie jikoni hata kuonja chumvi, na baada ya sala ya Ijumaa achukue watoto mpaka alasiri, awapeleke anakotaka, hata barazani kwa wenzake. Karata aanze baada ya alasiri. Sikuombei aache baraza. Mwanamume asiye na baraza anahamia sebuleni, na sebuleni una wanafunzi 17.

Akikataa? Anaweza kukataa mara ya kwanza. Rudia wiki ya pili kwa sauti ileile.

Mama yako. Hili limenigusa kuliko yote, pengine kwa sababu wangu hayupo tena. Najua utasema Jumamosi una tuisheni. Ihamishie Jumanne, wazazi wa hao watoto hawatajali. Na usiende Makunduchi Jumamosi yoyote ile tu: mtu wa pweza siku za bamvua yuko pwani, utafunga safari mpaka kusini ukute mlango umeegeshwa. Tizama kalenda yetu ya mwezi. Kuanzia kama siku ya 8 mpaka ya 10 ya mwezi mwandamo, na tena ya 23 mpaka ya 25, ni maji mafu, yuko nyumbani. Jumamosi inayoangukia karibu na siku hizo ni yake. Mara moja kwa mwezi inatosha kuanzia. Mchukue na wifi yako ikiwezekana, na usimpelekee mama vitumbua, kila mtu anampelekea chakula. Kaa. Mwache akueleze habari za watu usiowajua.

Mimi nakwambia haya si kwa kuwa niliyajua ujanani. Nilikuwa mshoni. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Idd, nilishona mpaka mwadhini wa alfajiri akaadhini, magauni ya watoto wa mtaa mzima. Asubuhi wanangu walikwenda sikukuu Mnazi Mmoja na magauni ya mwaka wa nyuma, mkubwa wao limembana kwapani. Hakusema kitu. Wala nilikuwa sijui kama ameona mpaka alipokuja kuolewa, akaniambia gauni la harusi atashonewa na mtu mwengine, ili mimi nipate kukaa na wageni. Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia chooni.

Kwa hiyo huyu wako wa miaka tisa, aliyekwambia mara mbili ukasema mm, usimwache mpaka akue. Muombe radhi. Wapo watakaosema mzazi hamuombi radhi mtoto, waache. Mwambie, "Ulinambia, na mimi sikusikiliza, nisamehe." Yatoshe hayo, usimnunulie kitu juu yake, atadhani radhi ina bei.

Kisha kesho baada ya magharibi, simu mpe wifi yako aende nayo jikoni, na mwambie mtoto akusomee. Juzuu Amma ina sura 37, kwa jioni moja hazimaliziki. Chukueni wiki nzima. Aanze na Wannaas kama walivyoanza chuoni, apande nazo mpaka Amma yatasaaluun. Akikosea usimrekebishe, mwalimu wake ameshamrekebisha. Na ukisinzia, lala hapohapo mkekani, lakini umwambie mapema kwamba kesho mtaendelea pale alipofika.

Shangazi yako